Wanafunzi wa afya katika utengamao wa jamii, Kisumu na viunga vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa uuguzi, fiziotherapia, tiba kwa vitendo (OT), udaktari, utabibu, lishe na ustawi wa jamii wanaokuja atachimenti ya pamoja Kisumu na kaunti jirani. Maswali ni yale yale tunayoulizwa siku ya kwanza, ndani ya matatu tukielekea kijijini, na usiku kwenye simu. Yameandikwa na msimamizi wa mafunzo ya nyanjani. Soma sehemu ya kwanza kabla hujatoka; nyingine zifungue utakapozihitaji.

## Mambo ya msingi

Utengamao wa jamii ni nini hasa?

Ni kumsaidia mtu aliyepungukiwa na uwezo wa kutembea, kusema, kula au kujihudumia ili aendelee na maisha yake pale pale anapoishi, akiwa na watu wake. Anaweza kuwa nyanya aliyepata kiharusi Manyatta, mtoto mwenye mtindio wa ubongo Nyakach, au kijana wa bodaboda aliyeumia uti wa mgongo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mkakati huu baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978, ilipodhihirika kwamba hospitali kubwa za mijini haziwezi kuwafikia walio wengi. Mwongozo wake wa 2010 una nguzo tano: afya, elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Afya ni nguzo moja tu kati ya hizo. Mwanafunzi akilishika hilo mapema, hatashangaa mgonjwa akitaka kuzungumzia karo ya mjukuu kabla ya goti lake.

Ukubwa wa kazi yenyewe? WHO inakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingenufaika na utengamao. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi, lakini hesabu hiyo iliwalenga wenye ugumu mkubwa. Ukiwa nyanjani utaona wanaohitaji msaada ni wengi zaidi.

Si tayari tunakaa wodi moja na wenzetu wa fani nyingine? Kuna jipya gani hapa?

Kukaa wodi moja hakutoshi. WHO, katika waraka wake wa 2010 kuhusu elimu ya pamoja ya fani za afya, inasema elimu hiyo hutokea wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Wodini muuguzi hufunga kidonda asubuhi, fizio akaja saa nne, daktari akapita na faili, na pengine hawajasemezana neno. Mgonjwa ndiye hubeba ujumbe kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Tutakachokupima ni kama mpango wako ulibadilika kwa sababu ya kitu alichokwambia mwenzako. Ukirudi na mpango ule ule ambao ungeuandika peke yako, hujafanya kazi ya pamoja hata kama mlikuwa sita chumbani.

Eneo hili la magharibi mwa Kenya si geni na kazi hii. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikipeleka wanafunzi wake wa afya kwa jamii tangu miaka ya tisini kupitia mpango unaojulikana kama COBES.

Kwa nini twende nyumbani badala ya kuwaita kliniki?

Kwa sababu kliniki haina choo cha mgonjwa. Mtu anaweza kutembea vizuri kwenye sakafu laini ya hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia, halafu akashindwa kuvuka kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Nyumbani unaona urefu wa kitanda, matope ya njiani, mahali maji yanapotekwa, na nani hasa anamwogesha.

Nauli nayo ni kikwazo. Kumtoa mgonjwa asiyetembea Seme au Nyando hadi mjini kila wiki ni gharama ambayo familia nyingi huimudu mara mbili tatu, kisha zinaacha. Huyo mnayemwandika "hakurudi kliniki" mara nyingi alitaka sana kurudi.

Nani hufanya nini?

Kwa ufupi mno: fizio hushughulikia mwendo, nguvu na maumivu. OT huangalia shughuli za kila siku, kama kuvaa, kuoga, kupika na kurudi kazini, na jinsi nyumba inavyoweza kurekebishwa. Muuguzi hutazama vidonda, dawa, mpira wa mkojo na afya ya anayemtunza mgonjwa. Tabibu au daktari hutambua ugonjwa na kuandika dawa. Fundi wa viungo bandia hutengeneza mguu, kiatu au magango ya kushikilia kiungo. Mtaalamu wa usemi huangalia kuzungumza na kumeza. Hawa ni wachache mno Kenya, kwa hiyo jua mapema ni wapi utawapata. Mtaalamu wa lishe na afisa wa ustawi wa jamii msiwaache nyuma, hata gari likiwa dogo.

Mipaka ipo kisheria. Wanafiziotherapia wana sheria yao ya 2014, OT wana yao ya 2017, na kila baraza lina masharti ya usajili. Kuhusu kuvuka mipaka hiyo, tazama sehemu ya hali ngumu.

## Kabla ya kutoka

Nibebe nini?

Kipima presha, futi ya kupimia, glavu, maji ya kunywa, viatu vinavyostahimili matope, na daftari moja la kikundi. Koti jeupe liache. Linawatisha watoto na linawatangazia majirani kwamba nyumba hii ina mgonjwa.

Lazima twende na mhamasishaji wa afya ya jamii?

Ndiyo, kila mara. Hawa ndio wengi wanawaita CHP. Serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka huo huo inawatambua. Anajua nyumba ipi ina mtoto anayefichwa, nani ana msiba wiki hii, na mzee yupi hapendi wageni kabla ya saa nne. Msimfanye wa kuonyesha njia tu. Keti naye kabla ya ziara, muulize anaonaje, na umwite tena mnapoandika mpango, maana yeye ndiye atakayebaki mkishaondoka.

Sijui Kidholuo. Nitafanyaje?

Mjini Kiswahili kitakutosha kwa mengi. Vijijini, wazee wengi husema maumivu yao vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani, na ukivuka kwenda Vihiga au Kakamega utakutana na lahaja za Kiluhya. Jifunze salamu na uzitoe mwenyewe. Kwa mengine, mtumie mwenzako au CHP akutafsirie, na mtazame mgonjwa unapouliza, usimtazame mkalimani. Mtoto wa nyumbani asitafsiri maswali ya choo, ndoa au presha ya mama yake.

Mkubwa kwa umri mwite mama, baba, mzee au nyanya. Katika nyumba nyingi mama huitwa kwa jina la mwanawe. Sikiliza majirani wanavyomwita, nawe umwite hivyo.

## Mkishafika nyumbani

Tunaanzaje?

Kwa salamu, kukaa mnapoonyeshwa, na swali moja: ungependa uweze kufanya nini ambacho sasa hukiwezi? Halafu nyamazeni.

Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote jingine kwa sababu ya kinachotokea lisipofanywa. Kikundi kimoja kilimtembelea mama mmoja Nyalenda, aliyepooza upande wa kushoto baada ya kiharusi. Kila fani ikampima presha upya, kila fani ikamuuliza tarehe aliyougua, na fizio akaanza kumnyoosha mkono. Mama alivumilia kwa adabu. Mmoja alipomuuliza anataka nini, alisema anataka kwenda chooni usiku bila kumwamsha mkaza mwanawe. Kumbe aibu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla.

Kuanzia hapo kila mmoja alikuwa na kazi. Fizio alimfundisha kuinuka kutoka kitandani kwa kuegemea upande wenye nguvu. OT aliona kitanda ni cha chini mno, akaomba kiinuliwe kwa matofali na kamba ifungwe ukutani kuelekea mlangoni, na kwa siku za mvua kiti chenye tundu na ndoo kiwekwe ndani. Muuguzi akakagua dawa na kukuta ile ya presha inayoongeza mkojo inamezwa jioni. Tabibu wa zahanati aliihamishia asubuhi. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliketi na mkaza mwana jikoni, naye akasema yaliyokuwa moyoni. Hakuna fani ambayo ingeyafikiria yote hayo peke yake.

Nani anaongoza?

Huwa mnabadilishana kila ziara, na daktari mwanafunzi hana kipaumbele. Anayeongoza huuliza maswali ya pamoja, wengine huongeza yao kwa zamu. Presha inapimwa na mtu mmoja.

Tukipingana mbele ya familia je?

Msibishane hapo. Semeni, "Tungependa kushauriana kidogo," mtoke chini ya mwembe, kisha mrudi na neno moja.

Mgongano wenyewe ni mzuri mkiutumia. Mzee mmoja alikuwa na kidonda cha mgandamizo matakoni. Muuguzi alisema asiketi kabisa. Fizio akasema asipoketi mapafu yatajaa na miguu itakakamaa. Wote wawili walikuwa na hoja. Walipokaa pamoja walikubaliana akae vipindi vifupi juu ya mto uliokatwa vizuri, akijiinua kwa mikono kila baada ya dakika chache, na nusu ya siku alale kifudifudi. Mtaalamu wa lishe akauliza mzee anakula nini. Ugali na mboga, basi. Kidonda hakifungi bila protini, kwa hiyo omena, maharagwe na yai viliingia kwenye mpango juu kabisa.

Mpango unaandikwaje?

Karatasi moja tu, si moja kwa kila fani. Juu kabisa andika lengo kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Chini yake: nani atafanya nini, lini, na dalili gani zikionekana apelekwe hospitali upesi. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa CHP, nyingine kwenye kituo cha afya.

Mazoezi yasizidi matatu. Najua mmefundishwa kumi na mawili. Anayemtunza mgonjwa pia anateka maji, anapika na anauza sokoni. Akipewa kumi na mawili hafanyi hata moja. Kabla ya kuaga mwombe akuonyeshe, asikusimulie. Akikosea, rudieni pamoja bila kumfanya ajione mjinga.

## Hali mtakazokutana nazo sana

Baada ya kiharusi, ni nini tusichokisahau?

Msimvute mkono uliopooza mnapomwinua. Bega hulegea na huumia kwa urahisi. Asilishwe akiwa amelala. Aketi wima, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa akinywa, au sauti ikawa ya majimaji, acheni kumpa na mmpeleke akachunguzwe anavyomeza. Ulizeni dawa za presha kila ziara, maana wengi huziacha wakijisikia nafuu, na kiharusi cha pili huwa kibaya zaidi.

Aliyepatwa akiwa mtoto, ulizeni kuhusu selimundu (sickle cell). Ukanda wa ziwa umekuwa na malaria nyingi kwa vizazi, na jeni ya selimundu imeenea palipo na malaria kwa sababu anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye huugua, na kiharusi ni mojawapo ya madhara yake.

Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo?

Mara nyingi kisa huanza na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, au malaria iliyopanda kichwani. Mama ameshaulizwa alifanya nini mpaka amechoka. Mwambieni wazi kwamba hakumlaani mwanawe.

Kisha tazameni mlo kabla ya miguu. Mtoto anayelishwa akiwa amelazwa chali hupaliwa, huugua kifua kila mara, na haongezi uzito. Kiti cha kona, chenye maegemeo pande zote mbili, kilichotengenezwa na seremala wa mtaa kwa vipimo vya OT hubadilisha mambo mengi kwa pamoja: kumeza, kutazama, kucheza, na mama kupata mikono yake.

Mtoto mwenye mguu kifundo, yaani uliopinda tangu kuzaliwa, amepigwa plasta. Kazi yetu ni nini?

Kulinda kile ambacho kliniki imefanya. Kwa njia ya Ponseti plasta hubadilishwa kila wiki, wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha huvaa viatu vyenye upau saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baada ya hapo usiku tu hadi miaka minne au mitano. Hapo kwenye viatu ndipo familia hukata tamaa, kwa sababu mguu unaonekana umepona. Ziara yenu isipofanya kitu kingine, ihakikishe viatu vinavaliwa.

Aliyeumia uti wa mgongo?

Kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, kukagua ngozi kila siku kwa kioo kidogo, kupunguza mgandamizo akiwa ameketi. Hayo mnayajua.

Lisilojulikana na wengi ni hili: aliyeumia juu, kuanzia usawa wa katikati ya kifua kupanda, anaweza kupatwa ghafla na kichwa kinachouma vibaya, jasho usoni na presha kupanda sana. Ni hatari ya kifo. Mketisheni mara moja, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, kisha hospitali. Anayegundua kwanza mara nyingi ni fizio katikati ya mazoezi, na anayejua kushughulikia mpira ni muuguzi. Fundishaneni hili kabla ya kutoka.

Kuna mfadhili anagawa viti vya magurudumu. Tumwandikishe mgonjwa?

Mwandikisheni kwa vipimo, si kwa jina tu. Kiti kipana kupita kiasi hupinda mgongo, kisicho na mto hutoa vidonda, na chenye magurudumu membamba ya hospitali hakifiki barabarani Kano mvua ikinyesha. Pima nyonga, urefu wa paja na wa mguu, uliza njia inayopitwa, na fuatilia baada ya kiti kufika.

## Fedha na sheria

Familia inauliza nani atalipa. Tujibu nini?

Msiahidi kitu. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa, kwa sababu usajili ndio mlango wa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Mwenye ulemavu wa kudumu afanyiwe tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii ndiye awashike mkono hapa. Mkiombwa pesa ya unga, mwelezeni msimamizi. Msitoe kimyakimya, maana kikundi kijacho kitadaiwa.

Naweza kupiga picha za kabla na baada?

Bila idhini ya maandishi, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata ukiwa na idhini, picha haiingii kwenye WhatsApp ya darasa.

## Hali ngumu

Fani inayohitajika haipo siku hiyo. Nifanye kazi yake?

Fanya yale uliyofundishwa na kuthibitishwa na msimamizi: kumgeuza mgonjwa, kumketisha wima, kutambua hatari. Usiandike dawa, usitengeneze magango ya mguu, usipime kumeza kwa kubahatisha. Andika kwenye karatasi ya mpango nani anahitajika, na umpigie simu ukiwa bado pale nyumbani.

Familia inasema ni chira, au wanampeleka kwa mkandaji. Tupinge?

Sikilizeni kwanza. Mtu anayeamini ugonjwa umetokana na mwiko uliovunjwa anaweza kufanya anayoyaona yapasa kwa mujibu wa mila na bado akameza dawa. Mkimlazimisha achague, mtashindwa. Simameni imara mahali penye madhara tu: kukandwa kwa nguvu mfupa uliovunjika, kuchanjwa ngozi isiyo na hisia, kuacha dawa za kifafa au presha. Wakati mwingine mkandaji mwenyewe akialikwa kikaoni huwa wa kwanza kumwambia mgonjwa aende hospitali.

Tunashuku mgonjwa anapigwa au ananyimwa chakula.

Msihoji mbele ya watu na msimtuhumu yeyote. Andikeni mlichokiona kwa macho, mwambieni msimamizi siku hiyo hiyo. Akiwa mtoto, afisa wa watoto huarifiwa bila kusubiri ziara nyingine. Kumbukeni pia kwamba mtunzaji aliyechoka kupita kiasi anaweza kuonekana mkatili. Ulizeni nani humpokea zamu; jibu lake hueleza mengi.

Mgonjwa hataki tena.

Ni haki yake. Muulizeni kama ni lengo lililokosewa (rudi kwenye "Tunaanzaje?"), maumivu, au huzuni. Baada ya kiharusi au kukatwa mguu, huzuni nzito hutokea sana na hutibika. Akisema hataki kuishi, hamwondoki hapo kabla ya kumpata msimamizi na mtu wa familia anayeaminika.

Mafuriko yamefunga barabara na mgonjwa alitarajia ziara.

Nyando huwa hivi karibu kila msimu wa mvua ndefu. Mpigie CHP, kisha familia. Jueni mapema nani hawezi kujihamisha maji yakija, ili mzee wa kijiji awe na majina hayo kabla ya mvua.

Tumefika tukakuta mgonjwa amefariki.

Toeni pole, ketini kidogo, msifungue daftari. Vifaa vya msaada visiulizwe siku hiyo. CHP ataviulizia baada ya mazishi. Mkialikwa matanga na mnaweza, mmoja au wawili waende. Jioni hiyo msimamizi hukaa na kikundi kizima, na asiyetaka kusema halazimishwi kusema.